Mwandishi wa Njia Ndogo Anafanya Kazi Gani?



Wengi wetu tunafikiri kitabu cha safari ni cha kusifu Paris na New York tu. Sivyo. Kuna waandishi wanaoacha ndege na barabara kubwa, wanashika njia ya udongo, wanalala katika miji midogo na kuuliza wenyeji: hapa munaishi namna gani?

Mufano uko karibu. Mwaka 2004 Tim Butcher, mwandishi wa gazeti kutoka Uingereza, alitoka Kalemie kwa pikipiki, akapita Kabambare na Kasongo mpaka Kindu. Vita ilikwisha kwenye karatasi mwaka 2003, lakini wengi walimwonya asijaribu. Pale Wabelgiji waliacha barabara ya motokari, yeye alikuta kanjia ka miguu ndani ya majani. Kitabu chake, Blood River, kilitoka mwaka 2007.

Sasa jambo lililotushika sisi ni hili. Katika njia ile alikutana na wanaume wanaosukuma kinga zilizofungwa mabidoni ya mafuta ya ngazi, mamia ya kilometa, kwa faida kidogo tu. Yeye alisifiwa kwa kupita mara moja, tena alibebwa nyuma ya pikipiki na Wakongomani. Wale wa kinga ile njia ni kazi yao, na nani aliwasifu? Lakini tusimulaumu bure: alisimama, akawauliza, akaandika. Kosa lake, kwa macho yetu, ni haraka. Woga ulimusukuma, na mutu wa haraka anaona nyumba zilizoanguka kuliko watu wanaokaa ndani.

Na watu wetu hawakuandika? Waliandika, tena kwa Kiswahili. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa kule Ujerumani kitabu Safari za Wasuaheli. Ndani yake Selemani bin Mwenye Chande, mufanyabiashara, anaeleza safari yake ya bara, pamoja na mali na hongo kwa watawala. Yeye hakuja kutazama. Alikuja kwa biashara, basi hesabu alizijua.

Hapa kwetu, kwa miaka mingi, motokari za Bukavu kwenda Uvira zilipita Rwanda mpaka Kamanyola, kwa kukwepa mulima wa Ngomo. Abiria hakuona kijiji hata kimoja cha Ngomo. Nani atakiandika?

Juma lililopita tulisindikiza mama mumoja anayebeba muhogo kwenda soko la Mugogo. Alituonyesha wapi mvua imekula barabara, wapi maji ni mazuri, na nyumba gani inakubali mugeni kama usiku umemukuta njiani. Ramani ya darasani haina hata moja ya mambo hayo. Tumeyaandika yote, kurasa mbili.

Ninyi wa Walungu, Kaziba na Mwenga, leteni njia zenu mbele ya Ijumaa. Stensili bado iko na nafasi.