Kungoja Boti ya Pemba

Safari ya baharini iliyoahirishwa mara mbili tatu huchosha. Mtu ameshafunga kapu la zawadi, mara linatoka tangazo la upepo mkali na boti haziondoki bandari ya Malindi, Unguja. Hata hivyo, nashikilia kwamba kungoja ni sehemu ya maandalizi. Manahodha wa majahazi walilijua hilo: walikuja Unguja na kaskazi, wakangoja kusi ndipo warudi Arabuni, na muda huo walitia kalafati na kushona matanga. Sisi tumepata injini, tukadhani upepo hautuhusu tena. MV Skagit, boti iliyoundwa kwa maji tulivu ya huko Seattle, ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, kusi ikivuma.

Wapo watakaosema kilichoizamisha MV Spice Islander I mkondo wa Nungwi, Septemba 2011, ni shehena ya watu na mizigo, si upepo. Ni kweli. Lakini boti zikisimama siku mbili, abiria hulimbikizana, na siku ya tatu kila mtu anataka kupanda kwa vyovyote. Hapo ndipo maandalizi yanapopimwa: uwe na dawa na pesa za siku mbili za ziada, mzigo mwepesi, moyo wa kuiacha boti iliyojaa. Ukishapanda, tafuta jaketi la kuokolea lilipo kabla ya kiti cha dirishani. Lakini mgonjwa na mwenye samaki wa kuuza, wasioweza kungoja, wana haki ya kulalamika. Hao wanastahili taarifa ya hali ya hewa iwafikie kabla hawajatoka nyumbani.