KUSUKA FITO ZA MAHARAGWE YATAMBAAYO

Maharagwe yako ya namna mbili: mafupi, yasimamayo yenyewe, na yatambaayo, ambayo hupita kimo cha mtu yakipata cha kushika. Katika nchi za juu zenye mvua ya kutosha, kama Lushoto, Rungwe na Kagera, na ng'ambo ya mpaka huko Kabale na Rwanda, mwenye shamba dogo hupata faida zaidi kwa yatambaayo. Hekta 1 ya maharagwe mafupi mara nyingi haifikishi tani 1. Yatambaayo, yakitiwa samadi na kutunzwa vema, yaweza kutoa tani 3.

Lakini bila fito faida hiyo haipo. Mharagwe usio na cha kushika hulala chini, na maganda yaguswapo na udongo wenye maji huoza. Tena fito ni nyingi: zikisimikwa nusu metre kila upande, hekta 1 yataka fito 40,000. Wakulima wakizikata zote msituni, kilima hubaki wazi na mvua huchukua udongo. Basi, mkulima, otesha fito zako mwenyewe, na uzisuke.

FITO ZA KUPANDA

Panda kaliandra au lusina kwenye kingo za matuta. Mizizi hushika udongo, majani hulisha ng'ombe na mbuzi. Miti ikishika vema, baada ya mwaka mmoja hivi, kata kwa panga kali, ukiacha kisiki cha kimo cha goti; kitachipua tena. Mabua ya mabingobingo na ya mbaazi yafaa pia, lakini hayadumu sana.

Fito za kusimika zianikwe majuma mawili kabla ya kutumiwa, zisije zikaota shambani. Fito nyembamba za kufumia zikatwe siku ile ile ya kazi, kwa maana zikikauka huvunjika.

KWA NINI KUSUKA?

Ufito usimamao peke yake lazima uwe mnene, la sivyo huanguka kwa upepo mmea ukijaa maganda. Fito zilizofumwa pamoja hushikana, kama mafiga yashikavyo chungu, hivyo hata nyembamba za kingo zako zatosha.

JINSI YA KUSUKA

1. Fanya kazi hii kabla ya kupanda mbegu. Chora duara lenye upana wa sentimita 75.

2. Chukua fito 5 za urefu wa metre 2 na nusu. Simika kila mmoja sentimita 30 ndani ya ardhi, kwa nafasi sawasawa. Hesabu iwe witiri, yaani 5 au 7. Ukisimika 4 au 6, ufito wa kufumia utapita mahali pale pale kila mzunguko, na kazi haitakaza.

3. Kusanya vichwa vyote pamoja, ufunge kwa kamba ya mgomba iliyoloweshwa.

4. Fuma ufito mbichi nje ya mmoja, ndani ya unaofuata, kama usukaji wa tenga. Zungusha mara tatu kwenye kimo cha goti, kisha mara tatu kwenye kimo cha kifua. Chomeka ncha ndani ya mfumo.

5. Acha njia ya nusu metre kati ya duara na duara, upate kupita na jembe.

KUPANDA NA KUTUNZA

Kando ya kila ufito panda punje 3, kina cha sentimita 4. Mharagwe hauna vikonyo vya kushikia kama mtango. Shina lenyewe ndilo hujizungusha. Kwa hiyo usichonge fito zikawa laini, maana shina huteleza. Mche ukipotea njia, uelekeze polepole upande ule ule ambao wenzake wanazungukia. Ukiulazimisha kinyume utajifungua.

Palilia mapema kabla maua hayajatoka. Usiingie shambani majani yakiwa na maji, kwa kuwa utachukua ugonjwa kutoka mmea hadi mmea. Maganda hayaivi yote pamoja. Chuma yaliyokauka, uyaache mengine.

BAADA YA MAVUNO

Ondoa mabaki yote yaliyozunguka fito. Yale yenye madoa ya ugonjwa yachome moto, kwa sababu ugonjwa huweza kukaa humo hadi msimu ujao. Kisha ng'oa fito, uzihifadhi juu ya chanja penye kivuli, mbali na mchwa. Ufito uliotunzwa msimu huu ni mti mmoja usiokatwa msimu ujao.

Usingoje shamba zima. Msimu huu suka duara 10 karibu na nyumba, na siku hiyo hiyo upande miche ya kaliandra kwenye tuta. Bwana Shamba wako atakueleza mbegu ipi yafaa mahali pako.