Simu Inajuaje Kwamba Umefikisha Miaka 18?

Tuanze na kijana wa kidato cha nne anayeishi Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru. Ana miaka 17. Simu ni yake, aliinunua kwa fedha za kibarua cha likizo, lakini laini iliyomo imesajiliwa kwa jina la mama yake. Jumamosi moja anafungua akaunti ya kubeti, anaweka tiki mahali palipoandikwa kwamba ana miaka 18 au zaidi, anatuma shilingi 1,000 na mkeka unapokelewa. Kampuni ikiikagua namba ile inamwona mtu mzima. Je, umri umethibitishwa?

Watahiniwa wengi hujibu "ndiyo, kwa sababu laini imesajiliwa kwa alama za vidole". Jibu hilo si sahihi. Ili uone kosa liko wapi, fuata kwanza njia ambayo umri hupitia mpaka kufika kwenye simu.

Simu yenyewe haijui umri wa mtu. Kinachojua ni kumbukumbu zilizo nyuma ya laini. Hapa Tanzania usajili wa laini umewekwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na tangu Mei 1, 2019 hufanywa kwa alama za vidole. Waulize wazazi wako kuhusu foleni za wakati ule. Siku ya mwisho ilikuwa Desemba 31, 2019, ikasogezwa hadi Januari 20, 2020.

Ukifika kwa wakala, tuseme karibu na Soko Kuu la Arusha, unataja namba yako ya NIDA na kuweka kidole kwenye kifaa chake. Kampuni ya simu hupeleka namba na alama ile kwa Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, nako hulinganishwa na alama ulizochukuliwa siku uliyojiandikisha. Zikilingana, laini inaandikwa kwa jina lako. Sasa itazame namba yenyewe: ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Namba inayoanza na 20071104 ni ya mtu aliyezaliwa Novemba 4, 2007. Hesabu iliyobaki hata mdogo wako wa shule ya msingi anaiweza. (Ndiyo maana si busara kuiandika namba hiyo kwenye kundi la WhatsApp la darasa.)

Mpaka hapo mfumo ni imara. Umeunganisha kidole na kumbukumbu, na kumbukumbu na laini. Haujaunganisha laini na mkono ulioshika simu leo. Kidole kiliwekwa mara moja, siku ya usajili, na pengine miaka mitano iliyopita.

Linganisha na mwenye kibanda umiza pale Ngarenaro anayeonyesha filamu ya watu wazima. Hana kompyuta. Anakutazama usoni, anaona sare ya shule chini ya sweta, anakufukuza. Anaweza kukosea umri wako kwa miaka miwili au mitatu, lakini hakosei kuhusu nani amesimama mbele yake. Simu ni kinyume chake: inataja tarehe kamili ya kuzaliwa, ila ya mtu ambaye huenda yuko shambani wakati huo. Ukiielewa tofauti hiyo, sehemu kubwa ya mada hii umeimaliza.

Kwa mwanafunzi tatizo ni kubwa zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18, na kitambulisho cha taifa hutolewa kwa waliofikisha umri huo. Laini ya mtoto husajiliwa na mzazi au mlezi. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye simu mara nyingi anatembea na umri wa mtu mwingine mfukoni. Namba ya siri haisaidii sana, maana katika nyumba zetu mama huitaja kwa sauti ili mwanawe amtumie shangazi fedha.

Mfumo hukosea upande wa pili pia. Vidole vya mkulima aliyeshika jembe kwa miaka arobaini huwa vimechubuka, na kifaa kinaweza kushindwa kuvisoma. Bibi wa Nkoaranga mwenye miaka 70 anarudishwa nyumbani, na mjukuu wa miaka 17 anapita.

Nchi nyingine hutumia laini kwa namna hiyohiyo. Uingereza, tangu Julai 2025, tovuti za picha za ngono zinalazimika kuthibitisha umri wa wanaoingia, na mojawapo ya njia zinazokubaliwa ni kuiuliza kampuni ya simu. Kinachohitajika ni jibu la "ndiyo" au "hapana" tu. Jina na tarehe ya kuzaliwa si lazima zitolewe. Jambo hilo lina uzito hapa kwetu pia, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zinazokusanywa zisizidi zinazohitajika. Anayekudai picha ya kitambulisho kizima ili ajue tu kama una miaka 18 anachukua zaidi ya haja yake.

Turudi Ngaramtoni. Mkeka umeshinda. Fedha zinaingia kwenye laini ya mama, kwa jina la mama. Kukitokea mgogoro, kijana hana pa kudai: sheria inamkataza kucheza kamari kabla ya miaka 18, na akaunti si yake. Laini hiyo ikitumika kwa utapeli, wa kwanza kutafutwa ni mama. Yeye anaweza kupiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, ila hataambiwa nani anazitumia.

Na wewe utakapofika NIDA, hakikisha tarehe unayotoa ni ileile iliyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa cha RITA. Ukiomba mkopo wa elimu ya juu cheti hicho kitahakikiwa, na kurekebisha tarehe baadaye ni safari nyingi za mjini.

Swali la mazoezi: Duka moja Sakina linauza pombe kwa kila mteja ambaye laini yake imesajiliwa kwa jina la mtu wa miaka 18 au zaidi. Eleza kitu kimoja ambacho muuzaji amekithibitisha na kimoja ambacho hajakithibitisha, kisha pendekeza namna ya kukithibitisha hicho cha pili bila kuomba taarifa zisizohitajika. (Alama 10)