"Ulibebwa Wewe!"

Jumamosi moja tulikuwa sita mezani, mishkaki inashuka, stori za chuo zimenoga. Si unajua watu wakianza kukumbushana bumu lilivyochelewa na jinsi walivyolala wawili kitanda kimoja hosteli? Mara mume wa rafiki yangu akamgeukia mkewe, ambaye ni injinia: "Huyu naye asiwadanganye, alibebwa. Aliingia Mlimani kwa programu ya wasichana!"

Tukacheka wote. Shoga yangu naye akacheka, ila mshkaki wake akaurudisha kwenye sahani na hakuugusa tena. Mimi niliona, na bado nikacheka. Ndiyo maana naandika.

Hebu tuelewane kuhusu hiyo programu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwaita wasichana wa sayansi waliokuwa na sifa za kujiunga, lakini wakaachwa nje kwa sababu nafasi zilikwenda kwa wenye pointi nzuri zaidi. Wakafundishwa wiki kadhaa, wakapewa mtihani. Aliyefaulu akaingia, aliyefeli akarudi nyumbani na begi lake. Sasa hapo nani kabebwa? Makerere, kule Uganda, walichagua njia nyingine: kuanzia mwaka 1990 waliwaongezea wasichana pointi 1.5 wakati wa udahili. Hiyo nakubali ina walakini, maana walionufaika zaidi ni waliotoka shule nzuri za mjini, siyo binti wa kijijini aliyesoma kemia bila kuiona maabara.

Halafu kuingia ni jambo moja, kukaa ni lingine. Waliosoma Mlimani zamani wanamkumbuka Mzee Punch, yale maandishi na michoro ya ukutani ambayo mwandishi wake hakujitaja. Ilianza kama kejeli za kisiasa, ikaishia kuwadhalilisha wanafunzi wa kike, huku watu wakijazana kusoma na kuangua vicheko. Mwaka 1990 msichana mmoja aliyeandamwa alijiua. Ndipo ikapigwa marufuku.

Sisemi mume wa shoga yangu ni Mzee Punch, jamani! Ni mtu mzuri, hata watoto anawaogesha. Lakini neno "kubebwa" tunalitupa ovyo. Chuoni kwetu, ambacho sikitaji, tulikuwa na mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu, na darasa lilikuwa ghorofa ya pili. Huyo ndiye aliyebebwa kwelikweli, wavulana wanne kila asubuhi, nasi tukijiona wema. Siku wavulana wakichelewa, naye kachelewa. Miaka mitatu hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kuomba kipindi kihamishiwe chini. Wala hatukumuuliza anajisikiaje.

Jumatatu shoga yangu alinipigia. Akaniambia miaka yote minne hakuwahi kunyoosha mkono darasani, kwa hofu kwamba akikosea itasemwa wote wa programu ni vilaza. Alikuwa akisubiri mhadhara uishe, anamfuata mwalimu koridoni. Nikamuuliza kama mumewe anajua haya. Akanyamaza.

Usiku huohuo alimsimulia, kuanzia zile wiki za masomo hadi siku ya matokeo. Mume akamwangalia weee, kisha akauliza, "Kumbe kulikuwa na mtihani?"

Wana miaka saba ya ndoa.