Nyumba ya Utamaduni Kati ya Kiu na Mafuriko

Newala na Masasi ni majirani, lakini kwa habari ya maji hazifanani. Newala imekaa juu ya ukingo wa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari. Masasi iko chini, magharibi ya uwanda huo, katikati ya vilima vya mawe. Kusini ya wilaya zote mbili hupita mto Ruvuma, mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Mvua ya huko ina msimu mmoja tu: huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili au Mei, na jumla yake kwa mwaka ni kiasi cha milimita 1000. Mvua hiyo hiyo huacha kiu juu ya uwanda na kuleta mafuriko bondeni. Kwa sababu hiyo, mtu atakaye kubuni nyumba ya utamaduni katika sehemu hizi hana budi kufikiri habari ya maji kabla ya kufikiri habari ya jukwaa.

Kwa nini uwanda hauna mito

Uwanda wa Makonde umefanyika kwa michanga na mawe ya mchanga yaliyolala hapo tangu yapata miaka milioni 100 iliyopita. Udongo wake mwekundu hunywa maji upesi. Mvua haipati nafasi ya kutiririka na kufanya mito. Huzama chini sana, kisha hutokea kama chemchemi kwenye miguu ya mteremko. Karl Weule, mtaalamu Mjerumani wa mila za watu, alifika Newala mwaka 1906 akaeleza taabu ya maji aliyoiona. Watu walikubali taabu hiyo kwa kuwa uwanda wenye vichaka vizito uliwakinga na wavamizi. Gharama ya usalama huo ililipwa zaidi na wanawake, walioshuka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani.

Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa mashine kutoka mabondeni hadi juu. Katika miaka ya 1970 Finland ilisaidia kuandaa mpango mkuu wa maji wa mikoa ya Mtwara na Lindi. Hata hivyo, kuyainua maji mamia ya mita kwataka nguvu nyingi, na pampu ikisimama, ndoo hurudi kichwani.

Paa liwe kisima

Ngoma kubwa huleta watu wengi, na watu hao hunywa, hupika na kunawa. Ikiwa nyumba ya utamaduni haina maji yake, wanawake ndio watakaoondoka uwanjani kwenda kuyatafuta. Dawa iliyo karibu ni paa.

Hebu mwanafunzi apige hesabu. Paa la mita 20 kwa mita 10 lina eneo la mita za mraba 200. Mvua ya milimita 1000 ni sawa na kina cha mita 1. Paa hilo basi hupokea mita za ujazo 200, yaani lita 200,000 kwa mwaka. Tuseme sehemu ya tano hupotea kwa kuruka na kukauka. Zabaki lita 160,000. Tangi la lita 100,000 likijaa mwisho wa masika, litatoa lita 500 kila siku kwa siku 200 za kiangazi, nazo ni ndoo 25 za lita 20.

Wazo hili limekwisha kujaribiwa. Katika kijiji cha Sinthian, kusini mashariki ya Senegal, nyumba ya utamaduni iitwayo Thread ilifunguliwa mwaka 2015. Mbunifu wake, Toshiko Mori, alilipinda paa la nyasi ili liyaelekeze maji ya mvua kwenye matangi, nayo hutumiwa na wanakijiji.

Kazi hiyo ina masharti yake. Mabati hutoa maji safi kuliko nyasi za kawaida, lakini yana joto, na mvua ikinyesha sauti ya msimuliaji haisikiki; yafaa kuweka dari ya mianzi au mikeka. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, kwani hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe na kuwekewa wavu, lisiwe makao ya mbu. Tena likichimbwa katika udongo wa uwanda bila kusakafiwa kwa saruji, ardhi itayanywa maji yote.

Masasi: mwamba uwe paa

Masasi ina vilima vya mwamba mtupu, na mwamba haunywi maji. Ukuta mfupi ukijengwa kwa mshazari kwenye mguu wa mwamba, utayakusanya maji na kuyapeleka tangini. Njia hiyo imetumika huko Kitui, nchini Kenya. Nyumba ikijengwa karibu na mwamba wa namna hiyo, hata paa la nyasi litafaa.

Bondeni: sakafu juu ya maji

Katika vijiji vya kando ya Ruvuma shida hugeuka. Huko udongo wa mfinyanzi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na mto ukifurika huingia mashambani. Warufiji waliijua hali kama hiyo zamani: mashambani walijenga dungu, yaani kibanda juu ya nguzo, wakakaa humo na kulinda mpunga maji yakipita chini yao. Nchini Bangladesh shule nyingi zimejengwa juu ya nguzo za zege, ili watu wakimbilie humo wakati wa tufani.

Nyumba ya bondeni ifuate mafunzo hayo. Kwanza wazee waulizwe maji yalifika wapi katika mafuriko makubwa, na sakafu iwekwe juu ya alama hiyo. Nguzo za miti zilindwe na mchwa. Paa lifungwe imara, maana tufani ya mwaka 1952 ilipiga pwani ya Lindi, na ile ya Kenneth ya mwaka 2019 ilipiga kaskazini ya Msumbiji, ng'ambo ya mto.

Wenye mila waulizwe

Hesabu peke yake haitoshi. Mchezaji wa mapiko hutokea mafichoni amevaa kinyago. Ukumbi wenye mlango mmoja utamharibia ngoma. Sindimba huchezwa watu wakiwa wameizunguka, hivyo kiwanja chenye kivuli chaweza kufaa kuliko jukwaa. Mambo ya jando na unyago yana siri zake, wala si yote ya kuwekwa hadharani. Vinyago vya mapiko huchongwa kwa mti mwepesi upendwao na wadudu. Chumba chao kiwe kikavu, chenye hewa, mbali na tangi.

Walimu waweza kuanza na paa la shule. Wanafunzi wapime urefu na upana wake, waweke kopo la kupimia mvua, wapige hesabu ya maji yapoteayo kila mwaka, kisha wawaulize mama zao hutumia saa ngapi kuteka maji kiasi hicho.