Fahamu: Fomu 34A na nguvu ya mpigakura wa Kenya

Ni karatasi moja tu. Kura zikishahesabiwa kituoni, msimamizi huandika ndani yake kila mgombea urais amepata ngapi na ngapi zimekataliwa, kisha yeye na mawakala wa vyama hutia saini. Nakala moja hubandikwa hapo kituoni, watu wasome. Hiyo ndiyo Fomu 34A.

Uzito wake ulitoka mahakamani. Juni 2017, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo ya urais yanayojumlishwa kutoka vituoni na kutangazwa kwenye eneobunge ni ya mwisho. Makao makuu ya tume ya uchaguzi jijini Nairobi hayana ruhusa ya kuyabadilisha. Agosti mwaka huo wananchi walipiga kura, na Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, mojawapo ya sababu ikiwa dosari katika kutuma matokeo.

Katika uchaguzi wa mwaka 2022, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) iliziweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 mtandaoni. Vyombo vya habari, vyama na wananchi wenye simu wakaanza kujumlisha wenyewe. Haya ni mageuzi makubwa kuliko hotuba yoyote ya demokrasia.

Hayakumaliza ugomvi: makamishna wanne kati ya saba wa tume hiyo walijitenga na matokeo. Lakini kesi ya kupinga matokeo hayo ilipofika Mahakama ya Juu, fomu zenyewe zilikuwepo za kulinganishwa, moja baada ya nyingine, na ushindi wa William Ruto ukathibitishwa Septemba 5.