Je, wajua? MiG-17, ndege ya sekunde sita

Chukua ramani ya Tanzania na rula. Chora mstari kutoka Ngerengere, mkoani Morogoro, kwenye kambi ya ndege za kivita iliyojengwa kwa msaada wa China, hadi uwanja wa ndege wa Mwanza. Ni takriban kilomita 750, na mstari wako utakata pembe ya kaskazini ya mkoa wa Singida, juu ya Mkalama, upande ule ule wa Munguli ambako Wahadzabe bado wanawinda kwa upinde. MiG-17, ndege ya kivita ya Kisovieti, ikienda kilomita 900 kwa saa inaimaliza safari yote kwa dakika 50. Pembe ya Singida inapita kabla chai haijapoa.

Wazee husema ndege za namna hiyo zilikuwa "zinapasua anga". Hapo wameipa sifa isiyo yake. MiG-17 ikiruka mlalo haifikii kasi ya sauti. Toleo lenye nguvu zaidi linaishia kwenye kilomita 1,145 kwa saa, pungufu kidogo tu. Ngurumo wanayoikumbuka ni ya injini, na injini yenyewe ina historia ya kuchekesha. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliwauzia Wasovieti injini za jeti za Rolls-Royce aina ya Nene. Wasovieti wakazifungua, wakazinakili, wakaziboresha, na miaka minne baadaye Waingereza wenyewe wakawa wanapigana Korea dhidi ya MiG-15 zinazosukumwa na ndugu wa injini zao. MiG-17, mdogo wake MiG-15, iliruka mara ya kwanza Januari 1950. China ikaanza kuunda ya kwake, Shenyang J-5, iliyoruka Julai 1956. Nakala hiyo ya Kichina ndiyo iliyokuja kuwafundisha Watanzania urubani wa jeti katika miaka ya 1970.

Kinachoitambulisha haraka ni mabawa. Yamelala nyuma kama ya mbayuwayu anayejirusha chini, na pale yanapoungana na kiwiliwili pembe yake ni nyuzi 45. Ukitaka kujua sababu, usiende darasani, nenda Mlima Sekenke, kule Iramba. Dereva wa lori la zamani asingethubutu kuukabili mlima ule kifua kwa kifua. Barabara ilimpandisha kwa mshazari, kona baada ya kona, ili kila mita aliyosogea mbele impandishe juu kidogo tu. Bawa linafanya hila hiyo hiyo mbele ya hewa. Ndege inapokaribia kasi ya sauti, hewa inayopita juu ya bawa huipita kasi hiyo kabla ya ndege yenyewe, mawimbi ya mshtuko yanazuka, na ndege inavutwa nyuma kana kwamba imekanyaga tope. Bawa likilala kwa mshazari, linachokihisi ni ile sehemu tu ya upepo inayoukata ukingo wake moja kwa moja. Kwa nyuzi 45 hiyo ni kama asilimia 70 ya kasi yenyewe. Ndege inakimbia, bawa linadhani inatembea.

Sasa silaha. Puani mwake kuna mizinga mitatu: mmoja wa milimita 37 wenye risasi 40, na miwili ya milimita 23, kila mmoja na risasi 80. Hesabu ni chungu. Mzinga mkubwa unatema risasi kama 400 kwa dakika, kwa hiyo ukibonyeza bila kuachia, zote 40 zimekwisha ndani ya sekunde sita. Ile midogo haidumu zaidi ya hapo sana. Rada ya kumtafutia adui haikuwamo kwenye matoleo mengi. Rubani alitegemea macho yake. Na ndege ikizidi kasi, usukani ulikuwa mzito wa kumtoa mtu jasho. Kwa ufupi, ilibidi umsogelee adui hadi uone rangi za ndege yake, ukiwa na sekunde sita za maisha mkononi.

Ndiyo maana sifa za urubani wa enzi ile zilikuwa ghali. Tangu Vita Kuu ya Kwanza, rubani aliyetungua ndege 5 anahesabiwa bingwa. Mmarekani James Jabara alifikisha idadi hiyo tarehe 20 Mei 1951 juu ya Korea, jeti kwa jeti. Lakini bingwa anayenivutia mimi ni mkulima. Nguyễn Văn Bảy alizaliwa mwaka 1936 kwenye delta ya mto Mekong, kusini mwa Vietnam, katika mashamba ya mpunga. Husimuliwa kwamba alitoka kwenye baiskeli akaingia kwenye ndege, gari hakuwahi kuliendesha. Kwa MiG-17 alihesabiwa kutungua ndege 7 za Marekani kati ya 1966 na 1967. Nyingi kati ya ndege zile zilikuwa mpya na za kasi kuliko yake, baadhi zikiwa na makombora bila hata mzinga mmoja. Yeye alichokuwa nacho ni kona: MiG-17 hugeuka papo hapo, na adui mwenye mbio akishakubali kuzunguka nayo, mbio zake hazimsaidii tena. Alipostaafu alirudi shambani. Alifariki mwaka 2019.

Wa kwetu yuko wapi? Swali la haki, maana Afrika Mashariki nayo ilikuwa na vita vya jeti. Jeshi la Idi Amin wa Uganda lilikuwa na MiG-17 na MiG-21, ingawa kadhaa ziliteketezwa na makomando wa Israeli pale Entebbe tarehe 4 Julai 1976. Oktoba 1978 ndege za Uganda ziliishambulia Bukoba. Vita vya Kagera vikaanza, na treni za reli ya kati zikapita Manyoni na Itigi zikiwa zimejaa askari wa kwenda kaskazini.

Bingwa wa angani hakupatikana, upande wowote. Ndege za Uganda zililiandama daraja la Kyaka, kwenye mto Kagera, zikalikosa, na mwishowe tarehe 3 Novemba lilibomolewa kwa baruti iliyofungwa kwa mikono ya watu. Upande wetu, ndege za Tanzania zilitunguliwa kimakosa karibu na Musoma na walinda anga wa Tanzania wenyewe. Mwishoni mwa Machi 1979 Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilituma ndege ya mabomu aina ya Tu-22, yenye uwezo wa kuipita sauti, ikapige mafuta ya Mwanza. Mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, wakafa swala. Siku chache baadaye jeti za Tanzania zilishambulia Kampala na Jinja, na Kampala yenyewe ikaangukia mikononi mwa askari wa miguu tarehe 11 Aprili.

Aliyewatia marubani wa Amin hofu alikuwa askari wetu aliyekuwa chini, miguu ikiwa kwenye majani. Alibeba Strela-2, neno ambalo kwa Kirusi ni "mshale": bomba la mita moja na nusu hivi, uzito wa kilo kama 15, ndani yake kombora linalofuata joto. MiG kadhaa za Uganda zilitunguliwa hivyo. Jicho la kombora hilo ni kipande cha kemikali kinachohisi mionzi ya joto, na si jicho la kutegemewa: laweza kuliacha windo likalifuata jua, na ardhi iliyochemka mchana hulivuruga. Ukilirusha saa nane mchana kutoka kwenye majabali ya Singida Mjini, sijui kama lingeona kitu zaidi ya mawe. Betri yake ikishawashwa hudumu chini ya dakika moja, na mpigaji husikia mlio unaomwambia kwamba joto limeonekana.

Joto lenyewe liko kwenye bomba la injini, nyuma. Pua ya MiG inayokuja ni baridi mno kwa jicho lile. Kwa hiyo mwenye Strela hawezi kuipiga ndege inayomjia. Analala, anasikia ngurumo ikikua, anasubiri mizinga na mabomu yafanye kazi yake, ndege inampita juu ya kichwa. Ndipo anasimama mahali pa wazi, bomba begani, anaielekeza kwenye mkia unaoondoka kwa kilomita 900 kwa saa, na anasikiliza mlio.